Jinsi ya kutunza siri ya mwanamke kwenye huduma za uzazi mtaani

Mwanamke anayeuza vitumbua Mbagala au anayelima mpunga Ifakara anajua kwamba zahanati kuna sindano ya uzazi wa mpango na kwamba haitozwi hela. Matangazo ameyasikia redioni, mabango ameyaona. Bado haendi. Ukikaa naye vizuri atakwambia sababu: nesi wa pale ni wifi yake, benchi la kusubiria linatazamana na genge, na mhudumu wa afya wa mtaa ni mama yule yule anayecheza naye upatu.

Mwenye uwezo hununua siri pamoja na huduma. Anapanda gari hadi hospitali binafsi upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua, analipa na kurudi nyumbani kimya kimya. Asiye na nauli ana kituo kimoja tu, na pale wote wanamwita kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo siri yake ataipata tu kama sisi tunaomhudumia tutaitengeneza.

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nesi na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, Tanzania Bara. Umekuja wakati wake, kwa sababu Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Huduma kufika mlangoni ni neema kubwa kwa mama asiye na nauli. Lakini kadiri inavyosogea mlangoni, ndivyo macho ya majirani yanavyoongezeka. Karibu kila hatua iliyoandikwa hapa haihitaji bajeti.

Hatua ya 1: Jua ni nani hatakiwi kujua

Wengi wetu tumefundishwa kusema "hapa kuna usiri" halafu tunaendelea na maswali. Mama haamini maneno hayo, na ana haki ya kutoamini. Muulize moja kwa moja, kwa sauti ya chini: "Kuna mtu usiyependa ajue kwamba umekuja?"

Majibu hayafanani, na kila jibu linabadilisha kazi yako. Mmoja anamficha mume anayetaka mtoto wa sita. Mwingine mumewe anajua na amekubali, anayefichwa ni mama mkwe wanayeishi naye. Wa tatu ni dada wa kazi, mwajiri wake akijua atamfukuza. Wa nne hajaolewa na baba yake ni mzee wa kanisa. Yupo pia anayemkimbia mhudumu mwenyewe, yaani wewe, kwa kuwa mnakaa uchochoro mmoja. Huyu wa mwisho hatakwambia. Mwambie wewe kwanza: "Ukipenda kuongea na mwenzangu, au kwenda kituo kingine, mimi sitakasirika." Kisha mpe majina ya vituo viwili vya karibu. Hakuna anayelazimika kupata njia ya uzazi wa mpango kwenye kata anayoishi.

Jibu lake lihifadhi kichwani. Usiliandike kwenye daftari.

Hatua ya 2: Usiitie nyumba alama

Ukiwa na fulana ya kazi na begi lenye nembo, kisha ukaingia nyumba moja tu katika mtaa mzima, umeshatangaza. Kufikia jioni watu watakuwa wamehesabu: mle ndani kuna mjamzito, au kuna mwenye virusi, au kuna binti aliyeharibikiwa. Pita nyumba zote. Kila mlango uwe na sababu inayoweza kusemwa hadharani: chandarua, choo, maji ya kunywa, chanjo za watoto. Kwa yule uliyemkusudia, kaa muda ule ule uliokaa kwa jirani.

Ndani ya nyumba kuna tatizo jingine. Nyumba nyingi za kupanga Uswahilini zina vyumba sita au nane vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na kuta za vyumba mara nyingi hazifiki kwenye paa. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, cha mwisho wanasikia. Kuingia chumbani na kufunga mlango hakusaidii, kunazidisha tu hamu ya wasikilizaji. Uwani nako wanawake wanafua na kupika. Hapo usizungumze jambo lolote la mwili wa mtu.

Dawa ipo kwenye mila zetu wenyewe: mgeni husindikizwa. Ongea ya chandarua mbele ya wote, kunywa maji uliyopewa, aga vizuri. Halafu sema: "Mama Zuwena, nisindikize kidogo mpaka pale barabarani." Hakuna atakayeshangaa. Zile dakika mnazotembea ndizo kliniki yako. Uliza, sikiliza, kubalianeni siku, mwache arudi. Ikiwa ameambatana na mtoto mkubwa anayeelewa mazungumzo, mpe mtoto kazi ya kutangulia na begi.

Bombani, msibani, kwenye kikao cha upatu na ndani ya daladala, usimuulize hata "umeendeleaje" kwa sauti ya kiofisi. Msalimie kama jirani. Kama ana shida atakutafuta.

Hatua ya 3: Chagueni njia inayokubaliana na siri yake

Kila njia ya kupanga uzazi inaficha kitu na kufichua kingine. Mama akiijua njia kwa ubora wake tu, atakuja kuumbuka nyumbani.

Vidonge vya majira vinahitaji mahali pa kufichwa kila siku. Kwenye chumba kimoja chenye kabati lisilo na kufuli, mahali hapo hapapo.

Kijiti hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, lakini kinapapasika chini ya ngozi ya mkono wa juu, na siku za mwanzo kuna bandeji. Mwenye mume atakayeuliza bandeji ni ya nini anatakiwa ajue hilo kabla ya ganzi, siyo baada.

Kitanzi cha shaba hakionekani na hufanya kazi miaka 10 na zaidi. Nyuzi zake mwenza anaweza kuzihisi. Mama akikueleza mapema, mtoa huduma anaweza kuzikata fupi zaidi, ila amwambie kwamba siku ya kukitoa inaweza kuwa na kazi kidogo. Miezi ya mwanzo hedhi inaweza kuwa nzito.

Sindano ya miezi mitatu haiachi kitu mwilini wala kabatini, ndiyo maana wengi wenye siri huipenda. Lakini inabadilisha hedhi. Wengine hupata matone kwa wiki kadhaa, wengine hedhi hukatika kabisa. Mahali ambapo nyumba nzima huswali pamoja, mwanamke anayekaa pembeni siku nyingi kuliko kawaida yake huonekana, na Ramadhani huonekana zaidi. Mama mkwe hahitaji kuambiwa, anahesabu mwenyewe. Yule ambaye hedhi imekatika naye ataulizwa kama ana mimba. Mweleze haya yote waziwazi, na muulize atajibu nini akiulizwa. Kijiti nacho kinaweza kuleta mabadiliko kama hayo.

Sindano ina faida moja ambayo wengi hawaitumii. Tarehe ya kurudi si msumari. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, sindano ya aina ya Depo inaweza kuchomwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe au hadi wiki nne baada yake. Kwa hiyo anayeshindwa kutoka nyumbani siku iliyoandikwa, msimfokee wala kumrudisha. Mchomeni siku aliyoweza kuponyoka.

Hatua ya 4: Ificheni huduma ndani ya huduma nyingine

Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi haulizwi na yeyote anakwenda wapi. Anakwenda kupima mtoto uzito. Huo ndio mlango salama kuliko yote tuliyonayo, nao uko wazi kila mwezi.

Mtoto anakuja kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9. Wiki ya 6 ndipo mama anayenyonyesha anaweza pia kuanza sindano. Basi ziara zikutanishwe: mtoto anapimwa, mama anaingia chumba kile kile, anapata njia yake, anatoka. Kituo kinachoweka siku maalumu ya uzazi wa mpango, kila Jumatano kwa mfano, kinawapanga wanawake kwenye foleni inayojieleza yenyewe. Kama mna siku kama hiyo, ifuteni. Kibao cha "Uzazi wa Mpango" juu ya mlango kiondolewe, kiandikwe "Chumba namba 3".

Hatua ya 5: Kagua kituo kwa macho ya anayeogopa

Mganga mfawidhi, siku moja kaa kwenye benchi la wagonjwa asubuhi kuna watu, usiseme kitu, sikiliza. Utasikia yanayosemwa chumbani. Pazia linazuia macho tu, sauti inapita. Benchi lisogezwe mbali na mlango, hata kama ni chini ya mwembe. Redio ndogo ikiwashwa kwenye eneo la kusubiria inafunika mazungumzo vizuri kuliko mnavyodhani.

Halafu tazama meza. Daftari la MTUHA, yaani rejista ya wanaohudumiwa, liko wazi, na mama anayechomwa sindano sasa anasoma majina ya waliomtangulia tangu asubuhi: jina, umri, kitongoji, njia aliyopewa. Kwa wanaoishi kijiji kimoja, hiyo ni barua ya wazi. Chukua karatasi ya manila yenye ukubwa wa ukurasa, kata dirisha jembamba la upana wa mstari mmoja, iweke juu ya ukurasa. Unaposhusha manila, mstari unaoonekana ni wa mama aliye mbele yako tu. Gharama yake ni mia chache, na inadumu.

Kuita nako kuna namna yake. "Yule wa sindano yuko wapi?" au "Nani wa majibu?" ni kumvua mtu nguo hadharani. Gaweni namba wanapofika, waiteni kwa namba. Na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wasiingie chumbani mpaka mama aulizwe na akubali, akiwa bado amevaa nguo zake. Akiulizwa akiwa kitandani, atasema ndiyo kwa woga.

Kadi pia. Mama mwenye siri anaweza kuiacha kadi yake ya uzazi wa mpango kituoni na kuondoka na kipande cha karatasi chenye tarehe peke yake. Usimlazimishe kuibeba.

Hatua ya 6: Acheni kumtuma kwa mwenyekiti

Kuna jambo linaniumiza kuliko mengine yote kwenye huduma ya wajawazito. Mama anafika hudhurio la kwanza peke yake. Anaambiwa arudi na mume. Mume hayupo, au alikimbia, au hajawahi kuwa mume. Basi anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mwenza. Binti wa miaka 19 sasa anapaswa kwenda kwa mwenyekiti, kupitia kwa mjumbe, akaeleze watu wawili ambao si wataalamu wa afya kwamba ana mimba na aliyempa haonekani. Wengi hawaendi. Wanarudi kituoni mimba ikiwa na miezi saba, au wanarudi na uchungu.

Kumhimiza mwenza aje ni jambo jema. Wote wawili wanapima virusi vya Ukimwi na kaswende, wanapanga nauli ya siku ya kujifungua. Lakini kuhimiza kumegeuzwa sharti, na sharti hilo linawaangukia wasio na mtu. Kaeni kikao kifupi, mkubaliane hivi: mama anapimwa na kupewa huduma zote siku aliyofika, mwenza akija atapokewa kwa heshima na asihangaike na foleni, na hakuna barua. Vivyo hivyo kwa uzazi wa mpango: kijiti, sindano, vidonge au kitanzi havihitaji ruhusa ya mume.

Hatua ya 7: Simu

Kabla ya kuandika namba, uliza maswali matatu. Simu hii ni ya nani? Nani mwingine huishika? Nikipiga akapokea mtu mwingine, nijitambulishe vipi? Simu nyingi za kina mama wa kipato cha chini ni za nyumba nzima, na ujumbe hujitokeza kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. "Unakumbushwa sindano yako kesho zahanati" umemvunjia mama ndoa kwa maneno matano. Mnaweza kukubaliana ujumbe kama "Usisahau kikao cha keshokutwa", au asitumiwe kabisa.

Upande wetu wahudumu, kosa kubwa ni kundi la WhatsApp. Mwisho wa mwezi mtu anapiga picha ukurasa mzima wa rejista na kuutupia kwenye kundi lenye watu thelathini ili ripoti ifike haraka. Picha hiyo inabaki kwenye simu thelathini, ambazo watoto wanachezea na mafundi wanazitengeneza. Tuma jumla ya namba, kamwe usitume majina. Mgonjwa wa rufaa mpigie simu mpokeaji mmoja. Simu yenye programu ya kazi iwe na nywila, na isitoke mkononi mwako hata kwa mwanao.

Sheria iko upande wa mama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko ya mwananchi. Picha ya rejista kwenye kundi inaweza kukufikisha huko.

Hatua ya 8: Wawili wanaohitaji uangalifu zaidi

Msichana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Anapokuja usimuulize "mama yako anajua?" kama swali la kwanza. Kuanzia miaka 15 anaweza kupima virusi vya Ukimwi kwa ridhaa yake mwenyewe, tangu sheria ilipobadilishwa 2019. Mhudumie jioni kina mama wakishaondoka, au apitie mlango wa nyuma kama upo. Lakini kama ni mtoto na anafanyiwa ukatili, hapo usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie mapema: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi tumhusishe mtu wa kukulinda, na nitakwambia kabla sijafanya hivyo." Aliyebakwa atibiwe kwanza, na vidonge vya dharura vinaweza kuzuia mimba ndani ya siku 5, ingawa mapema ni bora. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lifuate.

Mama anayetokwa damu. Mimba imeharibika, yenyewe au vinginevyo, naye anaogopa kuja kwa sababu anadhani ataitiwa polisi. Huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali na inaokoa maisha. Uliza yanayohusu tiba: damu imeanza lini, kiasi gani, ana homa, mimba ilikuwa ya miezi mingapi. "Nani alikutoa?" mbele ya wodi nzima haitibu kitu, na atakayeisikia leo hatakuja mwakani yakimkuta yeye.

Hatua ya 9: Mume akikuuliza

Atakuuliza. Njiani, msikitini, kwenye banda la mpira: "Mke wangu anafuata nini kwako?" Usidanganye, kwa kuwa uongo ukigundulika unamgeukia mkewe nyumbani. Usicheke wala usibabaike. Jibu moja kwa watu wote, kila siku: "Shemeji, ya wagonjwa siongei na mtu, hata mkeo akiniuliza habari zako nitamwambia hivyo hivyo. Ila karibu kituoni mje wote wawili." Ukilitumia jibu hili pia pasipo na siri yoyote, halitaashiria kitu panapokuwa na siri.

Hatua ya 10: Siri ikivuja

Itatokea. Usisubiri mama asikie kwa watu. Mfuate siku hiyo hiyo kwa njia mliyokubaliana, mwambie nini kimetoka, kimemfikia nani, na umuombe radhi bila kujitetea. Swali linalofuata ni usalama: usiku huu atalala wapi, na kuna ndugu anayeweza kumpokea? Akihofia kupigwa, Dawati la Jinsia lianze mara moja kama anataka.

Mpe pia njia ya kulalamika dhidi yenu, ingawa inauma: mganga mfawidhi, kamati ya usimamizi wa kituo, mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri, au namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199. Kama aliyevujisha ni nesi, Baraza la Uuguzi na Ukunga linahusika. Kisha mpangie kituo kingine na uwasiliane nao wewe mwenyewe, ili sindano yake inayofuata isipite tarehe kwa sababu yenu.